Nauli Ikifutwa, Moshi wa Magari Utafutika?

Katika toleo lililopita safu hii iligusia moshi unaotanda juu ya stendi za Arusha asubuhi za kipupwe, na nikaeleza kwamba katika miezi ya Juni na Julai hewa ya baridi hubaki chini huku hewa ya vuguvugu ikiifunika kwa juu kama mfuniko wa sufuria, hivyo moshi wa injini na wa majiko hukosa pa kutokea mpaka jua lipate nguvu. Nilitarajia wasomaji waniulize kuhusu kikohozi. Barua nyingi zilizokuja, hata hivyo, ziliuliza jambo jingine: je, usafiri wa daladala ukiwa bure, hewa yetu itasafika? Nimechagua barua tano na kuzifupisha bila kubadili maana yake.

Mwalimu wa shule ya msingi, Sakina, Arusha, anauliza:

Hulipa nauli ya shilingi 600 kwenda kazini na 600 kurudi, ambayo kwa siku 22 za kazi inafika shilingi 26,400 kwa mwezi. Nimesoma kwamba huko Luxembourg watu hupanda basi na treni bila kulipa, na kwamba sababu mojawapo ni kupunguza msongamano wa magari na hewa chafu. Shule yangu iko hatua chache kutoka barabarani, na wanafunzi wangu hukohoa kutwa. Kwa nini nasi tusifute nauli, wenye magari wakayaacha nyumbani, na watoto wakapumua?

Jibu:

Mwalimu, swali lako ni la haki na mfano ulioutoa ni wa kweli. Tangu mwaka 2020 Luxembourg imefuta nauli katika mabasi, treni na tramu zake, isipokuwa daraja la kwanza la treni, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa nchi nzima. Lakini kabla hatujaomba mche wa mti huo tuje kuupanda kwetu, yafaa tutazame udongo ulioukuza. Tiketi zilizofutwa zilikuwa zikiingiza takriban euro milioni 41 kwa mwaka, ilhali kuendesha usafiri wenyewe kuligharimu karibu euro milioni 500. Kwa hiyo, hata kabla ya nauli kufutwa, abiria wa kule alikuwa akichangia chini ya sehemu moja ya kumi ya gharama, na kodi ndiyo iliyobeba mzigo uliobaki. Kwao nauli ilikuwa chumvi ya mboga. Kwetu ndiyo mboga yenyewe, kwa sababu mafuta, matairi, bima, leseni, posho ya dereva na marejesho ya mkopo wa gari, vyote hutoka katika fedha anazokusanya konda.

Tuseme, hata hivyo, kwamba fedha zimepatikana. Je, wenye magari watayaacha? Mji wa Tallinn, makao makuu ya Estonia, ulipigia kura jambo hili mwaka 2012, na tangu Januari 1, 2013 wakazi waliojiandikisha mjini humo husafiri bure. Watafiti waliolinganisha hali ya kabla na ya baada walikuta kwamba sehemu ya safari zinazofanywa kwa usafiri wa umma imepanda kutoka asilimia 55 hadi 63, za magari binafsi zimeshuka kutoka asilimia 31 hadi 28, na za miguu zimeshuka kutoka 12 hadi 7. Zisome tarakimu hizo taratibu, Mwalimu, kama unavyosahihisha daftari la mwanafunzi. Waliotoka kwenye miguu yao na kuingia katika basi walikuwa wengi kuliko waliotoka kwenye magari yao, na anayetembea kwa miguu hana bomba la moshi la kuzimwa.

Mfano wa pili unanigusa zaidi kwa sababu ulihusu hewa moja kwa moja. Mnamo Januari 2018 jiji la Seoul, huko Korea Kusini, liliamua kwamba siku ambazo vumbi laini limezidi kiwango, usafiri wa umma uwe bure katika saa za asubuhi na jioni za watu kwenda na kurudi kazini. Walifanya hivyo kwa siku tatu. Kila siku iliwagharimu karibu won bilioni 5, na magari barabarani yakapungua kwa chini ya asilimia 3. Mwezi uliofuata mpango ulisitishwa. Paris nayo, Machi 2014, ilipofunikwa na ukungu mchafu, ilifungua milango ya treni na mabasi bila malipo kwa siku kadhaa. Lakini tarehe 17 ya mwezi huo serikali iliongeza amri nyingine, kwamba magari yenye namba shufwa yasiingie barabarani na yenye namba witiri ndiyo yapite. Waliofanya uamuzi huo walikuwa wamekwisha kuona kwamba kumfungulia mtu mlango wa basi hakutoshi kumtoa katika gari lake.

Sasa turudi nyumbani. Arusha ya sensa ya mwaka 2022 ina watu zaidi ya laki sita, na ukisimama saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye barabara ya njia nne itokayo Sakina kwenda Tengeru utaona kwa macho yako kwamba wengi wao wako katika Hiace, juu ya bodaboda, au wanatembea pembeni wakiwa wameshika viatu vya kazini mkononi. Wenye magari binafsi ni wachache. Nauli ikifutwa kesho, watakaofurika kwenye daladala ni wale wanaotembea leo kutoka Muriet na Kwa Mrombo kwa kukosa 600, na baadhi ya abiria wa bodaboda. Mimi ningefurahi kuwaona wamekaa kwenye kiti, na mama aliyebeba ndoo ya parachichi kwenda Soko la Kilombero anastahili kiti hicho kuliko wengi wetu. Lakini hilo ni jambo la kipato na utu, nasi tusilitetee kwa jina la hewa safi, kwa maana siku hewa itakapopimwa na kukutwa ni ileile, watakaonyang'anywa kiti ni haohao.

Hukuniuliza, lakini kwa kuwa umesema shule yako iko hatua chache kutoka barabarani nitaongeza neno. Moshi wa magari huwa mkali zaidi barabarani penyewe na hupungua sana ukishasogea mita 150 au 200. Kama shule yako ina vyumba upande wa nyuma, wadogo wa darasa la kwanza na la pili ndio wapewe vyumba hivyo.

Mwenye gari, Njiro, Arusha, anaandika:

Nitasema ukweli ambao wengine wanauficha. Hata daladala ikiwa bure sitapanda. Sina dharau na abiria, lakini siwezi kukaa dakika 25 stendi nikisubiri gari lijae, kisha nikabanwa watu wanne kwenye kiti cha watatu, nami nina kikao saa mbili kamili. Je, mimi ndiye ninayechafua hewa ya mji?

Jibu:

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kutoficha, kwa sababu ulichoandika kinafanana na matokeo ya Tallinn na Seoul, nawe umekieleza kwa maneno machache. Mtu aliyekwisha kununua gari, akalilipia ushuru, bima na mafuta, hatikiswi na shilingi 600. Kinachomtikisa ni saa. Ukijua kwamba gari litaondoka Njiro saa moja na dakika kumi, likiwa limejaa au halijajaa, na kwamba litakufikisha karibu na Mnara wa Saa kabla ya saa mbili kasorobo, huenda ungeanza kulifikiria hata kama nauli yake ingekuwa shilingi 1,000. Mji wa Hasselt, huko Ubelgiji, ulifuta nauli ya mabasi mwaka 1997 na abiria wakaongezeka mara kadhaa, na kila anayeutetea mpango huo hutaja kufutwa kwa nauli peke yake. Kinachosahaulika ni kwamba wakati huohuo njia za mabasi ziliongezwa, safari zikawa nyingi, na barabara ya kuzunguka katikati ya mji ikapunguzwa nafasi ya magari ili ipatikane nafasi ya watembea kwa miguu na miti. Mwaka 2013 nauli ilirudishwa kwa wengi kwa sababu ya gharama.

Swali lako la mwisho nalijibu hivi: ndiyo, unachangia, tena ukiwa peke yako katika gari la viti vitano unachangia kwa kila abiria zaidi kuliko Hiace iliyojaa. Lakini lawama haiwezi kuwa yako yote wakati hakuna aliyekupa njia nyingine ya kufika kwenye kikao. Ninalokuomba ni jambo dogo la siku hizi: usiwashe gari dakika kumi getini kabla ya kuondoka, na usikubali fundi akushawishi kuuza masega yaliyomo ndani ya bomba la moshi, kwa sababu yale masega ndiyo yanayozipunguzia sumu gesi za injini kabla hazijatoka. Ninajua yana bei nzuri, na ninajua gari hutembea bila hayo. Anayeyalipia ni mtoto anayepita nyuma ya gari lako.

Dereva wa daladala, njia ya Ngaramtoni, anauliza:

Shikamoo. Mimi nimeendesha Hiace miaka tisa. Nikisikia neno bure napata hofu, maana jioni lazima nimpelekee tajiri hesabu yake, niweke mafuta, nimlipe konda, ndipo nione changu. Nikipakia bure nani ananilipa? Halafu watu wanatusema kwamba tunaacha injini inanguruma stendi, kana kwamba tunapenda. Nikizima, abiria anaona gari haliondoki, anahamia la mbele.

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Kati ya barua zote nilizopokea, hii yako ndiyo iliyonikalisha chini muda mrefu, kwa kuwa ndani yake mna kiini cha jambo lote.

Tuanze na nani atalipa. Sehemu nilizozitaja hapo juu zilifuta nauli kwa urahisi wa namna fulani kwa sababu mabasi ni ya mji, au ni ya kampuni zenye mkataba na mji, hivyo dereva hupokea mshahara uleule awe amebeba abiria watano au hamsini. Hapa kwetu daladala ni mali ya mtu mmoja mmoja, LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini, hutoa leseni ya njia na kupanga nauli, na halmashauri haina kiti hata kimoja cha kukitoa bure. Fanya hesabu ya mfano tu, bila kusema kwamba ndiyo hali halisi: gari lenye viti 15 kwa nauli ya 600 huingiza 9,000 likijaa, na likijaa mara kumi kwa siku ni 90,000. Magari 500 ya namna hiyo ni shilingi milioni 45 kwa siku, na kwa siku 300 ni bilioni 13.5 kwa mwaka. Anayesimama kwenye mkutano wa hadhara na kuahidi usafiri wa bure aulizwe kwa upole fedha hizo zitatoka kwenye kifungu gani, na zitakufikia wewe siku gani ya mwezi, kwa sababu tajiri wako hatakubali kusubiri robo ya mwaka ya serikali.

Lakini umesema jambo jingine ambalo wanaokulaumu hawajalifikiria. Injini yako inanguruma stendi kwa sababu unalipwa kwa kichwa cha abiria. Kwa kuwa unalipwa kwa kichwa, lazima usubiri vichwa vijae, na kwa kuwa unashindana na mwenzako wa mbele, lazima gari lionekane liko tayari kuondoka. Kwa sababu hiyohiyo unakimbiza mwenzako barabarani, unasimama pasipo kituo, na saa za mchana abiria wakiwa haba unakatisha njia. Kila kituo kisicho rasmi ni kukanyaga breki na kukanyaga mafuta upya, na gari linapoondoka kutoka kusimama ndipo linapomwaga moshi mwingi. Uchafu huo hautokani na ukatili wa madereva. Ni matokeo ya namna fedha inavyoingia mfukoni mwao, na kama mimi ningekaa kwenye usukani huo ningefanya vilevile.

Kwa hiyo rai yangu, ambayo nitaisimamia mbele ya yeyote, ni kwamba fedha za umma zikipatikana, ziwe nyingi au kidogo, zisinunue tiketi ya abiria bali zinunue safari ya gari. Ninyi wenye magari ya njia moja mjiunge katika ushirika, mwingie mkataba, na mlipwe kwa kilomita mlizotembea kwa ratiba iliyokubaliwa. Abiria aendelee kulipa, lakini nauli yake iingie katika kapu moja badala ya mfuko wa konda, na halmashauri ijazie pengo la safari zisizojaa. Siku hiyo utazima injini bila hofu, kwa sababu gari la mbele litakuwa limeondoka kwa saa yake na wewe utaondoka kwa yako. Ushirika wa namna hiyo pia unaweza kukopesheka, ukabadilisha Hiace tatu zilizochoka kwa Coaster moja yenye injini nzuri. Dar es Salaam ilianza mwaka 2016 kuendesha mabasi yaendayo haraka katika njia yake yenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni, na pamoja na matatizo yote ambayo wakazi wake huyalalamikia kila siku, basi moja refu la kule hubeba abiria zaidi ya 100 kwa injini moja. Arusha haihitaji kuanza na ukubwa huo. Inahitaji njia moja, kwa mfano hiyo yako ya Ngaramtoni, ijaribiwe kwa mwaka mmoja na hesabu zake zibandikwe ukutani kila mtu azione.

Usisahau gari lenyewe. Mafuta ya dizeli tunayotumia siku hizi yana salfa kidogo kuliko zamani, kwani kiwango cha Afrika Mashariki tangu 2015 ni sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini mafuta mazuri katika nozeli zilizokufa na ea klina iliyoziba hutoa moshi mweusi uleule, nao moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mtu anayeuvuta kuliko mwingine yeyote mjini ni wewe, unayekaa saa 14 juu ya injini hiyo.

Mstaafu, Rau, Moshi, anauliza:

Mji wetu wa Moshi unasifiwa kwa usafi tangu zamani, na magari hayajawa mengi kama ya huko kwenu. Mbona asubuhi hewa inawasha koo? Je, ni haki kuweka lawama yote juu ya magari?

Jibu:

Shikamoo, mzee wangu. Si haki, na nafurahi umetukumbusha. Mji unaweza kuwa umefagiwa mpaka unang'aa na hewa yake ikawa chafu, kwa sababu kinachodhuru zaidi hakionekani kwa macho: ni chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ambazo unywele wa kichwa umezizidi unene kwa zaidi ya mara 20, na kwa udogo wao hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na linasema karibu watu wote duniani wanapumua hewa iliyozidi viwango vyake.

Chembe hizo hutoka kwenye magari, lakini hutoka pia kwenye kuni na mkaa, ambavyo kaya nyingi nchini bado zinapikia, na kwenye takataka. Hapo kwenye takataka nina la kusema, maana usafi wa mji unaweza kuwa ndio unaoleta kasoro: tunafagia uani asubuhi na mapema, tunakusanya majani ya migomba, mifuko na chupa za plastiki, kisha tunachoma palepale wakati hewa ya baridi bado imefunika mji. Majani yanafaa kihambani, yaani katika shamba la nyumbani, kama mbolea. Plastiki isichomwe kabisa. Kuhusu majiko, serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na naamini shilingi iliyowekwa kwenye mtungi wa gesi wa mama lishe wa Mbuyuni itasafisha hewa anayoivuta yeye na wateja wake haraka kuliko shilingi iliyofuta nauli ya abiria. Hata hivyo magari yasisamehewe, kwa kuwa jiko la jirani unaweza kulizungumza naye, lakini barabara ya mjini kila mtu hulazimika kuipita.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Arusha, anauliza:

Shikamoo. Sisi wanafunzi tuna nauli yetu ndogo, lakini makonda wanatukataa asubuhi, wanasema tunajaza viti vya watu wazima. Mimi huamka saa kumi na nusu, na mara nyingi natembea kilomita sita kando ya barabara kuu katika vumbi na moshi. Je, kama usafiri hauwezi kuwa bure kwa wote, hauwezi kuwa bure kwetu?

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Unaweza, na ningependa uanzie kwenu.

Zipo sehemu zilizochagua kundi badala ya watu wote. Mji wa Delhi, ambao hewa yake ni miongoni mwa chafu kabisa duniani, tangu Oktoba 2019 umewaruhusu wanawake kupanda mabasi ya mji bure, na Scotland tangu Januari 2022 imewafanyia hivyo vijana walio chini ya miaka 22. Kundi likiwa dogo, gharama huhesabika, na fedha huweza kutafutwa. Lakini tazama kwa nini konda anakukataa: kiti ulichokaa kinamwingizia theluthi ya nauli ya mtu mzima au karibu na hapo, na hakuna anayemfidia kilichopungua. Sheria imemwambia akubebe, mfuko wake ukamwambia akuache, naye kila asubuhi anausikiliza mfuko. Kwa hiyo usafiri wa bure wa wanafunzi usiwe amri nyingine juu ya kichwa cha konda. Uwe magari yaliyokodiwa kwa safari maalumu za asubuhi na alasiri, yanayolipwa kwa kilomita kama nilivyomweleza dereva wa Ngaramtoni, yenye kituo na saa inayojulikana.

Kuhusu hewa, kwenu faida ni ya namna mbili. Mwili wako bado unakua, na mtu anayetembea kwa haraka huvuta hewa nyingi kwa dakika kuliko aliyekaa, hivyo kilomita sita zako kando ya malori ni kipimo kikubwa cha moshi kwa mapafu machanga. Pia, gari moja la watoto 60 linaweza kuondoa barabarani magari kadhaa ya wazazi ambao huwapeleka watoto wao mmoja mmoja na kusimama getini injini zikiwaka. Hao ni wenye magari wanaoweza kweli kuyaacha nyumbani, kwa sababu wengi wao huyatoa kwa ajili ya mtoto tu.

Mpaka hapo patakapofika, ukiweza pita barabara ya ndani hata kama inakuongezea dakika kumi, na tembea na wenzako kwa sababu giza la saa kumi na moja si la kumwacha binti peke yake. Kisha fanya hili na darasa lako: kwa wiki mbili andikeni kila asubuhi namba ya kituo mnachosimama, saa, magari yaliyopita na mangapi yaliwakataa. Msiandike majina ya makonda. Mpeni mwalimu mkuu nakala, na nyingine mpelekeeni diwani wa kata yenu kwa ajili ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini halmashauri huandaa bajeti miezi mingi kabla ya hapo, kwa hiyo daftari lenu liwe mezani kwa diwani mapema, kabla mwaka wa kalenda haujaisha. Nakala ya tatu nileteeni mimi, nami nitaichapisha katika safu hii.